Mwenzako Anaposema Amechoka Kuishi



Safari hii tunataka kuzungumza nanyi juu ya neno ambalo husemwa chumbani, usiku, watoto wakiwa wamelala. Mume anasema, "Mama watoto, mimi nimechoka na maisha haya." Au mke anasema, "Siku mtakayoniona sipo, msinitafute." Yule mwingine anageukia ukutani, anadhani ni hasira za deni au maneno ya pombe, na asubuhi kila mtu anashika njia yake. Neno hilo halisemwi tena. Halifiki kwa wazazi, halifiki kwa jumuiya, halifiki kwa padre, na kwa daktari ndiyo kabisa.

Siku ile mliposimama mbele ya altare mliahidi kushikamana hata katika ugonjwa. Wengi wetu tulipolisikia neno hilo tulifikiria malaria, sukari, kansa au mguu uliovunjika. Hatukufikiria ugonjwa unaokaa moyoni na kichwani, unaomnyima mtu usingizi, unaomwondolea hamu ya chakula na ya kazi, na kumfanya ajione mzigo kwa wale anaowapenda. Wataalamu huuita sonona. Ahadi yenu inaugusa ugonjwa huu sawasawa na mingine. Tena ahadi hiyo hamkuitoa mkiwa wawili peke yenu. Mlikuwa na wasimamizi, na kanisa zima lilikuwa likisikia. Kwa hiyo mgonjwa huyu hakuachwa abebwe na mtu mmoja.

Katika Biblia yetu tunacho Kitabu cha Tobiti. Ndugu zetu Waprotestanti hawakihesabu katika Maandiko, nasi Wakatoliki tunacho lakini tunakikumbuka siku ya arusi tu, pale Tobia na Sara wanapoamka usiku wa ndoa yao na kusali. Ni vizuri. Lakini tunaruka yaliyotangulia, na yaliyotangulia ni habari ya watu wawili waliotaka kufa.

Wa kwanza ni Tobiti mwenyewe, mzee mcha Mungu aliyeishi uhamishoni Ninawi. Alipofuka macho. Waganga wakampaka dawa, na kila walipompaka aliendelea kuwa kipofu zaidi. Jamaa yake Ahikari akamtunza kwa miaka miwili, kisha akahamia mbali. Basi mkewe Anna akaanza kufanya kazi ya kufuma nguo ili wapate chakula. Siku moja waliomwajiri wakampa mshahara wake na kumwongezea mwana-mbuzi. Tobiti akasikia mbuzi akilia uani, akamshuku mkewe kuwa ameiba, akamwamuru amrudishe. Anna naye akachoka, akamuuliza ziko wapi sasa zile sadaka zake na matendo yake mema. Mzee akalia, akamwomba Mungu amwondoe duniani.

Msomaji aliye katika ndoa ataijua nyumba hii bila kuelezwa. Mume hawezi tena kuleta kitu nyumbani, mke anabeba yote, na mbuzi mmoja anageuka kuwa kesi. Hakuna kati yao aliye mtu mbaya. Ni ugonjwa na umaskini vilivyokaa kati yao, na kila mmoja anafikiri adui ni mwenzake.

Siku ile ile, huko Ekbatana, msichana Sara alikuwa ametukanwa na mtumishi wa nyumbani kwa sababu waume 7 walikuwa wamekufa mikononi mwake. Akapanda ghorofani akiwa amekusudia kujiua. Kilichomzuia kwanza hakikuwa fundisho la dini. Alimfikiria baba yake, jinsi watu watakavyomsimanga na jinsi atakavyoshuka kaburini kwa huzuni. Alipomkumbuka mtu huyo mmoja akarudi nyuma, akaenda dirishani, akasali.

Sasa tazameni. Hakuna mahali Mungu anapowakemea Tobiti na Sara kwa kutamani kufa. Sala zao zinasikiwa kwa wakati mmoja, na malaika Rafaeli, ambaye jina lake lina maana ya kwamba Mungu huponya, anatumwa kwao. Naye hakushuka na radi. Alikuja kama kijana wa kuajiriwa, akapatana na Tobiti mshahara wa drakma moja kwa siku. Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda kuchukua pesa, talanta 10 za fedha alizokuwa ameziweka Tobiti kwa Gabaeli huko Umedi. Njiani ikapatikana dawa, nyongo ya samaki. Mshahara, matumizi ya njiani, dawa na mtu wa kusindikiza: kwa njia hizo uponyaji wa Mungu ulifika katika nyumba mbili. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo Wakristo wanaodhani kwamba kuzungumza habari za pesa katika mambo ya roho ni kukosa imani.

Kuna mwingine wa kutazamwa, naye ni Ragueli, baba yake Sara. Usiku wa arusi ya binti yake aliwaamsha watumishi wakachimba kaburi, maana aliogopa kwamba Tobia naye atakufa. Alitaka azikwe gizani majirani wasijue, wasipate la kucheka. Familia nyingi zetu zinaishi hivyo. Zinachimba kwa siri, zinafukia kwa siri, na kazi yote hiyo ni kwa ajili ya majirani. Nyumba ya Sara ilipata nafuu kwa sababu mgeni aliingia ndani.

Basi, mke afanye nini, mume afanye nini, neno lile linaposikika?

Muulize. Wengi huogopa kwamba ukimuuliza mtu habari za kujiua utakuwa umempa wazo hilo. Sivyo. Shirika la Afya Duniani limekuwa likieleza kwa miaka mingi kwamba kuuliza waziwazi hakumsukumi mtu kufanya hivyo. Mara nyingi kunampunguzia mzigo. Usimuulize mbele ya watoto wala katikati ya ugomvi. Mngojee atulie, kisha useme kwa upole, "Baba watoto, naona siku hizi hulali, na maneno yako yananitia hofu. Je, umefikiria kujiua?" Halafu unyamaze, umpe nafasi. Usimjibu kwa kumhesabia baraka zake, wala usimwambie kwamba watoto wa fulani wana shida kuliko wake. Anajua. Ndiyo maana anajiona mwenye hatia.

Zipo dalili nyingine ambazo hazisemi kwa mdomo. Mtu anaanza kugawa vitu vyake, anaaga jamaa waliokaa miaka bila kuonana, anajitenga na chama na kwaya, pombe inaongezeka, anasema nyumba itakuwa na amani yeye asipokuwepo. Wakati mwingine, baada ya wiki nyingi za giza, ghafla anakuwa mtulivu mno bila sababu. Hapo usishangilie. Kaa naye karibu.

Jambo la pili ni la mikono. Dawa za shambani na za kuogeshea ng'ombe zifungiwe, na ufunguo ukae kwa mtu mwingine au dawa zenyewe ziwekwe kwa jirani. Vidonge vilivyobaki nyumbani virudishwe kwenye zahanati. Tamaa ya kufa huja kama wimbi, hupanda kisha hushuka, na walio wengi kati ya waliojaribu wakaokolewa hawafi baadaye kwa kujiua. Sri Lanka wameliona jambo hili kitaifa. Serikali yao ilipiga marufuku, hatua kwa hatua, dawa za shambani zilizo kali kabisa, na kati ya 1995 na 2015 kiwango cha vifo vya kujiua kilishuka kwa takriban asilimia 70. Watu hao hawakuondolewa shida zao kwa siku moja. Waliongezewa muda, na katika muda huo mtu anaweza kufikiwa. Kufuli la mia chache dukani, wapendwa, ni tendo la ndoa takatifu.

La tatu, mpeleke hospitalini, na uende naye. Usimwambie, "Nenda ukaonwe." Ingieni wote wawili. Akipewa dawa, jueni kwamba dawa nyingi za sonona huchukua wiki 2 hadi 4 kabla ya kuonyesha kazi yake, kwa hiyo asiziache siku ya tano akisema hazifanyi kitu. Padre amwombee, ampake Mafuta ya Wagonjwa, ampe Kitubio akitaka. Sala haishindani na dawa. Rafaeli alitumia nyongo ya samaki na hakuona aibu. Usiku ukiwa mbaya na hospitali iko mbali, Msalaba Mwekundu wa Kenya wana namba 1199 isiyo na malipo, na Befrienders Kenya nao hupokea simu za watu wa namna hii. Usimwache peke yake usiku huo.

Najua kuna hofu mbili zinazowafanya watu wafunge mlango. Ya kwanza ni polisi. Tangu wakati wa ukoloni, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, na mtu aliweza kufungwa hadi miaka 2. Mgonjwa aliokolewa kitandani kisha akaamkia mahakamani, na mke aliyempeleka mumewe akaonekana amemshtaki. Tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu ya Nairobi, mbele ya Jaji Lawrence Mugambi, iliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Kesi ilikuwa imeletwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu pamoja na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili na wenzao. Habari hiyo haijafika katika kila kigango. Katekista anaweza kuisema baada ya Misa. Haichukui hata dakika 2.

Hofu ya pili inatuhusu sisi wa Kanisa. Ni kweli kwamba Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwanyima maziko ya Kikanisa waliojiua kwa makusudi. Wazee wetu walilelewa katika hiyo, na baadhi yao bado wanaikariri kana kwamba ndiyo inayotumika. Sheria mpya ya mwaka 1983 haiwataji tena katika orodha ya wanaonyimwa. Katekisimu iliyotolewa na Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1992 inafundisha kwamba kujiua ni kinyume cha upendo wa Mungu, wa nafsi na wa jirani. Inafundisha pia kwamba ugonjwa mzito wa nafsi, uchungu au hofu kubwa hupunguza hatia ya mtu, kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake, na kwamba Kanisa humwombea. Mjane wa mtu kama huyo asikose jumuiya nyumbani kwake. Katika baadhi ya jamii zetu mwili wa aliyejiua huchapwa viboko, au huzikwa usiku bila nyimbo, na mjane hulaumiwa kwamba ni ulimi wake uliomwua. Jumuiya yenye kunyamaza mbele ya mambo hayo imemwacha mama huyo mikononi mwa wapiga viboko. Nendeni mkalale kwake siku zile za kwanza, mpike, mkae na watoto, na mtaje jina la marehemu katika Misa kama mnavyotaja mengine.

Sasa tufike penye ugumu. Mmeulizana, mmefunga dawa, mmeamka mapema mkaenda hospitalini pamoja. Je, mmekuta nani?

Mara nyingi mmekuta muuguzi mwema anayesema kwamba mtaalamu wa akili hayupo, au yupo siku moja kwa mwezi, na dawa hazikuletwa. Mnaambiwa mwende Nairobi, Mathari, hospitali iliyoanzishwa mwaka 1910 na ambayo kwa zaidi ya miaka 100 imebebeshwa mzigo wa nchi nzima. Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi ni karo ya mtoto. Mnarudi nyumbani.

Hii si bahati mbaya. Mwaka 2019 serikali iliunda jopo la kuchunguza hali ya afya ya akili nchini, chini ya Dakta Frank Njenga. Jopo hilo lilitoa ripoti yake mwaka 2020 na kupendekeza ugonjwa wa akili utangazwe kuwa janga la taifa. Hesabu iliyokuwa ikitajwa miaka ile ni kwamba serikali ilitumia kwa afya ya akili takriban asilimia 0.01 ya fedha zake za afya. Hesabuni mezani: katika kila shilingi 10,000, shilingi 1. Hata kapu la sadaka la kigango kidogo halina aibu hiyo.

Watu wanaweza kufanya kazi hii mashinani, hilo limekwisha kuonekana. Katika Kaunti ya Makueni, katika miaka ya 2010, shirika la Africa Mental Health Foundation lililoanzishwa na Profesa David Ndetei liliwafundisha wauguzi, maafisa wa kliniki na wahudumu wa afya wa vijijini kumtambua mtu mwenye sonona na kumsaidia. Halikuwaacha nje hata waganga wa kienyeji na wahubiri wanaoombea wagonjwa. Nao walifundishwa kutambua na kupeleka mtu zahanati, kwa kuwa ndiko watu wanakoanzia. Nakubaliana nao. Ukitaka kumpata mgonjwa, mfuate kule anakokwenda. Lakini fedha nyingi za kazi ile zilitoka nje, kwa Grand Challenges Canada, na fedha za mradi zina tarehe ya mwisho. Mgonjwa wa akili hana tarehe hiyo. Fedha isiyokauka kila Juni ni ile iliyoandikwa katika bajeti ya kaunti.

Tangu Katiba ya 2010, zahanati na hospitali za mashinani ziko chini ya kaunti zetu 47. Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa mwaka 2022, na sasa inaitaka serikali ya kaunti itoe huduma hizo na itenge fedha kwa ajili yake. Mwezi wa Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 walizinduliwa nchini kote, wanaopita nyumba kwa nyumba. Huenda mmoja wao ni jirani yako, tena yuko katika jumuiya yako. Je, amefundishwa kumwuliza mtu lile swali, au anapima presha na sukari tu? Na akimpata mgonjwa, anampeleka kwa nani?

Haya ndiyo maswali ya kupeleka kwenye mikutano ya bajeti. Wakatoliki tuna mazoea ya kuiacha mikutano hiyo kwa wanasiasa na vijana wao, kisha tunalalamika kwenye mlango wa kanisa. Makadirio ya bajeti hufika katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na huhitaji kupitishwa kufikia 30 Juni. Kabla ya hapo, mwezi wa Februari, hupelekwa waraka unaoamua kila idara itapata kiasi gani. Kwa hiyo anayengoja Juni amekuja wakati sahani zinaoshwa. Wananchi wana haki ya kusikilizwa katika hatua hizi, na maoni huweza kupelekwa kwa maandishi.

Akina baba wa CMA na akina mama wa CWA mnajua kuandaa harambee ya paa la kanisa mpaka likasimama. Tumieni ujuzi huo huo. Kaeni watu watano au sita katika jumuiya, mume na mke pamoja ikiwezekana, maana mume peke yake atasahau yanayotokea nyumbani na mke peke yake huenda asipewe nafasi ya kusema. Msiandike kwamba mnaomba afya ya akili iangaliwe; maneno ya namna hiyo hupokelewa kwa makofi na kuwekwa kabatini. Andikeni jina la zahanati yenu. Andikeni kwamba mnataka muuguzi mmoja wa magonjwa ya akili awepo siku inayojulikana kila wiki, kwamba dawa za sonona na za kifafa zisikosekane, kwamba wahudumu wa afya ya jamii wa wadi wafundishwe, na kwamba iwepo nauli ya kumfikisha hospitali ya kaunti yule ambaye usiku wake umekuwa mbaya. Ulizeni mwaka uliopita zilitengwa shilingi ngapi na zikatumika ngapi. Msitaje jina la mgonjwa yeyote wa jumuiya katika barua hiyo, hata kama kila mtu anamjua.

Wekeni sahihi, mpeleke nakala moja kwa karani wa bunge la kaunti na nyingine kwa mwakilishi wadi, mgongewe muhuri wa kupokelewa. Nakala ya tatu akae nayo katibu wa jumuiya, kwa ajili ya mkutano wa mwaka utakaofuata.